Zana za kutengenezea tovuti: Urahisi wa mwenye duka usiwe mzigo kwa mteja

KIWALANI, kata ya Wilaya ya Ilala iliyo jirani na Barabara ya Nyerere iendayo Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, ni mahali pa watu wengi wanaoishi kwa jasho la mikono yao. Wapo mafundi wa mageti na madirisha, maseremala, mafundi cherehani, wauza vipuri na mama lishe wanaopika hata kwa shughuli za harusi. Wengi wao hunadi kazi zao kwa WhatsApp na Instagram, na kwa mteja wa mtaani hiyo yatosha.

Lakini siku shule, kampuni au mkandarasi anapotaka mageti 20 kwa mkupuo, mambo hubadilika. Mteja wa namna hiyo hutaka kuona kazi zilizopita, anwani, bei za kuanzia na namna ya kuwasiliana, na hutaka kuviona vyote mahali pamoja. Ndipo fundi anapoanza kuulizia habari za tovuti, na ndipo anapokutana na majina chungu nzima: Wix, Squarespace, Google Sites, Blogger, WordPress, Elementor, Divi.

Zote hizi ni zana zinazomwezesha mtu asiyejua kuandika msimbo wa kompyuta kutengeneza kurasa zake mwenyewe. Huchagua kiolezo, huandika maneno yake, na huburuta picha hadi mahali anapozitaka. Kila moja hujinadi kuwa ni rahisi na ina kasi.

Makala haya yanazilinganisha kwa mambo hayo mawili: kasi ya kurasa kufunguka na urahisi wa kuzitumia. Ni vyema msomaji akalishika jambo moja tangu mwanzo, kwamba urahisi anaoupata mwenye tovuti siku ya kuitengeneza mara nyingi hulipiwa na mgeni wake, kwa muda na kwa bando.

Tulikotoka

Zana za namna hii si ngeni. Huduma ya GeoCities ilianza mwaka 1994 na kuwapa watu wa kawaida nafasi ya bure ya kuweka kurasa zao. Baadaye zikaja programu za kompyuta kama FrontPage ya Microsoft na Dreamweaver. Blogger ilianzishwa mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003. Kwa Watanzania wengi, Blogger ndiyo iliyofungua mlango. Blogu ya mpigapicha Issa Michuzi, iliyoanza mwaka 2005, ilijengwa humo.

WordPress ilitolewa kwa mara ya kwanza Mei 2003, na Wix ilianzishwa nchini Israel mwaka 2006. Elementor, ambayo hufanya kazi ndani ya WordPress, ilitoka mwaka 2016.

Katika miaka ile ya mwanzo, intaneti ya simu ya waya ilikuwa na kasi isiyozidi kilobiti 56 kwa sekunde. Mtengeneza kurasa alilazimika kubana, kwa kuwa picha moja kubwa ilimfanya mgeni akate tamaa. Mkonga wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, na mwingine wa EASSy ukafuata mwaka 2010, njia ikapanuka. Kwa bahati mbaya, kurasa nazo zikanenepa.

Uzito wa ukurasa

Takwimu za mradi wa HTTP Archive za Oktoba 2024 zilionyesha kuwa ukurasa wa mbele wa kati, ukifunguliwa kwa simu, ulikuwa na uzito wa takriban megabaiti 2.3. Maana yake ni kwamba nusu ya kurasa zilizopimwa zilikuwa nzito zaidi ya hapo.

Tufanye hesabu. Megabaiti 2.3 ni sawa na megabiti 18.4. Simu inayopata kasi ya megabiti 2 kwa sekunde itahitaji zaidi ya sekunde 9 kuupakua ukurasa huo wote. Ukurasa wa kilobaiti 300, ambao unatosha kabisa kubeba maelezo ya fundi, namba zake na picha chache zilizopunguzwa vizuri, utahitaji sekunde 1.2 tu. Kwa modemu ya zamani ya kilobiti 56, ukurasa wa kwanza ungechukua zaidi ya dakika 5.

Hesabu ya bando nayo ni hiyo hiyo. Wageni 1,000 wakiufungua ukurasa mzito mara moja, kwa pamoja watakuwa wametumia gigabaiti 2.3. Wakiufungua mwepesi, watatumia gigabaiti 0.3. Gharama hiyo haionekani katika daftari la mwenye tovuti, kwa sababu si yeye anayeilipa.

Kinachochelewesha

Mambo manne ndiyo huchelewesha ukurasa. La kwanza ni picha. Picha moja iliyopigwa kwa simu za sasa inaweza kufikia megabaiti 4. Ikipunguzwa upana hadi pikseli 1,200 na kuhifadhiwa kwa mfumo wa WebP, mara nyingi hushuka chini ya kilobaiti 200, na macho ya mteja hayaoni tofauti yoyote kwenye kioo cha simu.

La pili ni msimbo wa JavaScript, ule unaofanya picha zipishane, vitu vielee na madirisha yafunguke. Huu haupakuliwi tu. Simu yenyewe hulazimika kuusoma na kuutekeleza. Simu ya bei kubwa hufanya hivyo kwa kufumba na kufumbua, lakini simu ya bei nafuu huganda, hata kama mtandao wake ni mzuri.

La tatu ni vipande vinavyotoka kwa watu wengine, kama aina za herufi, ramani, video na vihesabu vya wageni. Kila kimoja kinaweza kuilazimu simu kuwasiliana na seva nyingine.

La nne ni umbali na uwezo wa seva. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kama seva iko umbali wa kilomita 10,000 kwa njia ya mkonga, safari moja ya kwenda na kurudi haiwezi kupungua sekunde 0.1, na huhitajika safari kadhaa kabla ya neno la kwanza kuonekana. Mei 12, 2024, mikonga ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama ile, ukurasa wenye vipande vichache ndio wenye matumaini ya kufunguka.

Google, ambayo hutumia kasi kama mojawapo ya vigezo vya kupanga matokeo ya utafutaji, imeweka vipimo vitatu. Kitu kikubwa cha kwanza kwenye ukurasa kinapaswa kuonekana ndani ya sekunde 2.5. Mgeni akibofya, ukurasa unapaswa kuitikia ndani ya sekunde 0.2, kipimo hiki kilichukua nafasi ya kingine cha zamani Machi 2024. Cha tatu hupima kama vitu vinarukaruka wakati ukurasa unafunguka, na alama yake haipaswi kuzidi 0.1.

Kundi la kwanza: Huduma za kupanga

Wix na Squarespace ni kama fremu ya kupanga. Mwenye nyumba hukupa chumba, umeme na mlinzi. Wewe unaleta bidhaa. Kwa urahisi wa kuanza, zana hizi ziko mbele. Mtu aliyezoea kompyuta anaweza kuwa na ukurasa unaoeleweka katika siku moja, na hana haja ya kuhangaika na seva wala masasisho ya usalama.

Kuhusu kasi, wengi hudhani kuwa huduma hizi ni nzito kuliko WordPress. Takwimu za HTTP Archive zinazotokana na watumiaji halisi hazisemi hivyo. Kwa miaka ya karibuni tovuti za Wix na Squarespace zimekuwa zikifaulu vipimo vya Google kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko tovuti za WordPress zikichukuliwa kwa ujumla wake. Sababu ni kwamba kampuni moja husimamia seva na msimbo wote, na Wix hupunguza picha yenyewe bila mwenye tovuti kuombwa. WordPress, kwa upande wake, hukusanya pamoja tovuti nzuri na mbovu, seva zenye nguvu na zilizochoka.

Hata hivyo, wastani huo hukusanya wageni wa dunia nzima, wakiwamo wengi wenye simu na mitandao bora. Kurasa za Wix bado hubeba JavaScript nyingi, na mzigo huo humfikia mteja mwenye simu ya bei nafuu. Aidha, huduma ya bure ya Wix huweka tangazo lake juu ya ukurasa wako na haikupi jina lako mwenyewe la tovuti. Anayetaka kuondoa tangazo hulipa kila mwezi au kila mwaka, na asipolipa, tangazo hurudi.

Google Sites na Blogger ni za bure na zinakubali kuunganishwa na jina lako mwenyewe, mathalani lile linaloishia na .co.tz. Google Sites ni rahisi mno, ila mapambo yake ni machache, na kazi ya kuihariri yafaa zaidi kwa kompyuta. Blogger huweza kuhaririwa hata kwa kivinjari cha simu. Ukiichagulia kiolezo cha kawaida na kuepuka vikorombwezo, hufunguka upesi.

Kundi la pili: WordPress na zana za kuburuta

Hapa ndipo penye mvutano mkubwa. WordPress ni programu huria ya bure inayowekwa kwenye seva unayoilipia. Juu yake watu huongeza programu-jalizi ya kupangia kurasa. Zinazofahamika zaidi ni Elementor, Divi, WPBakery na Beaver Builder.

Kwa anayetaka kuuona ukurasa wake ukibadilika mbele ya macho yake, Elementor ni zana ya kupendeza. Unashika kitu, unakisogeza, unabadilisha rangi, basi. Mafundi wengi wa tovuti huipenda kwa sababu huwawezesha kumaliza kazi ya mteja kwa muda mfupi.

Gharama yake iko ndani. Ili kuweza kukisogeza kila kitu, zana hizi hukizungushia kitu hicho maboksi ya msimbo, boksi ndani ya boksi. Kichwa cha habari kimoja ambacho kwa mkono kingeandikwa kwa mstari mmoja hujikuta kimefunikwa kwa tabaka kadhaa. Juu ya hapo kuna faili za mitindo na JavaScript za zana yenyewe, ambazo sehemu yake hupakuliwa hata pale usipozihitaji.

Ni haki kusema kuwa watengenezaji wamelitambua tatizo hilo. Divi ilifanyiwa marekebisho makubwa ya kasi mwaka 2021, na mwaka 2022 Elementor ilianza kuleta mpangilio mpya unaopunguza maboksi. Fundi makini anaweza kutengeneza tovuti ya Elementor inayofunguka vizuri. Lakini inahitaji umakini huo, na yule aliyeichagua kwa sababu ni rahisi ndiye mara nyingi asiyekuwa nao.

Lipo pia suala la usalama. Aprili 2022 iligundulika kasoro kubwa katika matoleo ya Elementor ya 3.6.0 hadi 3.6.2, iliyoweza kumruhusu mtu asiye na madaraka kuingiza msimbo wake. Ilirekebishwa haraka katika toleo la 3.6.3, lakini marekebisho huwasaidia wale tu wanaosasisha. Tovuti ya WordPress ni kama pikipiki. Isipofanyiwa matengenezo ya mara kwa mara, itakuacha njiani.

Kundi la tatu: WordPress yenyewe

Wengi hawajui kwamba tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018, WordPress ina mhariri wake wa kupangia kurasa kwa vipande: kipande cha aya, cha picha, cha safu mbili, cha kitufe. Hakuna cha kununua wala kuongeza.

Kwa siku za mwanzo mhariri huyu humsumbua mgeni kuliko Elementor. Vitu havisogezwi kiholela, na kupata mwonekano fulani huhitaji subira. Faida yake ni kwamba vipande vyake vingi humpelekea mgeni msimbo mwepesi wa kawaida, bila maboksi mengi. WordPress yenyewe hutengeneza nakala ndogo za kila picha, na tangu Agosti 2020 huzichelewesha picha za chini hadi mgeni atakapozifikia. Ukiichagulia kiolezo chepesi na kujizuia kuongeza programu-jalizi kila unapoona mpya, ukurasa wa kilobaiti 300 si ndoto.

Kuhusu seva, baadhi ya watoa huduma wa ndani hupokea malipo kwa simu, jambo linalomfaa asiye na kadi ya kulipia kwa dola. Seva iliyopo Dar es Salaam hufupisha safari ya data, lakini ukaribu pekee hautoshi. Seva ya karibu iliyobanana na tovuti nyingi inaweza kuwa nzito kuliko ya mbali yenye nafasi.

Kundi la nne: Ukurasa wa mkono

Fundi wa mageti anayehitaji ukurasa mmoja tu anaweza kumwomba kijana anayejua HTML amwandikie. Ukurasa huo huweza kuwa na kilobaiti chache, ukiondoa picha, na hakuna zana ya kuburuta itakayoushinda kwa kasi. Hauna hifadhidata ya kuvamiwa wala masasisho ya kila wiki. Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: siku bei itakapopanda au namba ya simu itakapobadilika, ni lazima kijana yule apatikane.

Urahisi wa kuondoka

Watu hupima urahisi kwa siku ya kwanza. Wachache huuliza: nikitaka kuhama, nitaondoka na nini?

Swali hili si la nadharia. GeoCities, iliyokuwa mikononi mwa Yahoo, ilifungwa Marekani Oktoba 2009. Machi 2024, Google ilizifuta tovuti za bure ambazo wafanyabiashara wadogo duniani kote walikuwa wamezitengeneza kupitia huduma yake ya wasifu wa biashara. Kwa miezi michache anwani zile ziliwaelekeza wageni kwenye wasifu, na ilipofika Juni mwaka huo zikakoma. Aliyekuwa amechapisha anwani ile kwenye kadi, kwenye bango la duka au ubavuni mwa gari lake alibaki na maandishi yasiyompeleka mteja popote.

Kwa kipimo hiki, zana zinatofautiana sana. Wix haitoi njia ya kuihamishia tovuti nzima mahali pengine. Itakubidi uanze upya. Squarespace hukuruhusu kutoa sehemu ya maandishi. Blogger hukupa maandishi yako yote kwa faili moja. Ukiizima Divi ya hadi toleo la 4 au WPBakery, maneno yako hubaki yamezungukwa na alama za ajabu za mabano zinazohitaji kusafishwa. Elementor na Beaver Builder huacha maandishi yanayosomeka, ingawa mpangilio hupotea. Mhariri wa WordPress huacha HTML ya kawaida.

Kinga iliyo nafuu kuliko zote ni jina la tovuti. Likisajiliwa kwa jina lako mwenyewe, si la fundi wala la kampuni ya zana, unaweza kubadili zana mara tatu na anwani ya bangoni ikabaki ile ile.

Namna ya kupima mwenyewe

Kabla hujalipa fundi au zana, omba kuonyeshwa tovuti 3 zilizotengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Zipime kwa huduma ya bure ya Google iitwayo PageSpeed Insights, ukitazama matokeo ya simu badala ya yale ya kompyuta. Jaribio lake la simu huigiza mtandao wa takriban megabiti 1.6 kwa sekunde, hali ambayo si ngeni kwa wateja wetu wengi.

Kisha fanya jaribio la pili ambalo halihitaji utaalamu. Azima simu ya bei nafuu kuliko zote uliyo nayo karibu, zima Wi-Fi, tumia bando, na ufungue ukurasa huo jioni watu wakiwa wengi mtandaoni. Hesabu sekunde hadi namba ya simu ya mwenye biashara ionekane. Ukifika 5 bado unasubiri, tambua kuwa mteja naye anasubiri hivyo hivyo, au ameshaondoka.

Ipi ichaguliwe?

Kwa anayeanza na hana fedha, Google Sites au Blogger, ikiunganishwa na jina lake mwenyewe, inatosha na ni nyepesi. Anayetaka tovuti itakayokua pamoja na biashara, na yuko tayari kujifunza kwa wiki chache, atanufaika zaidi na WordPress kwa mhariri wake wenyewe na kiolezo chepesi. Asiyetaka kabisa kushughulika na matengenezo, na ana uwezo wa kulipa kila mwaka, Wix au Squarespace itamfaa, alimradi akubali kwamba yeye ni mpangaji. Elementor na Divi ni za fundi anayejua kupunguza uzito. Ukizichagua, uzito wa kurasa uandikwe katika makubaliano pamoja na bei.

Waswahili husema rahisi ni ghali. Katika biashara ya tovuti methali hiyo ina nyongeza, kwamba ughali wenyewe huweza kumwangukia mtu mwingine. Mteja wa Kiwalani, Vingunguti au Yombo aliyenunua bando dogo asubuhi hatakupigia simu kukueleza kuwa ukurasa wako umekataa kufunguka. Atakwenda kwa fundi mwingine.